Siku ya Kuyaomba Radhi Makadirio

"Hivi, Somoe, nchi nayo huchoka?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Bi Asumini, asubuhi moja, yeye uani kwake mimi uani kwangu, akipepeta mchele na redio yake kaiweka juu ya kinu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba huko Ulaya nchi moja kubwa, yenye viwanda na lami mpaka mashambani, uchumi wake unasuasua. Ndilo neno walilotumia. Bi Asumini hakulimeza. Punda husuasua, mgonjwa husuasua, lakini nchi iliyoshiba isuasue kwa lipi?

Nikamjibu kuwa sijui, na jibu hilo likanikaa vibaya. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini mwalimu wetu alitufunza kwamba asiyejua na aende akatazame. Basi nikaenda kutazama. Nilivyofika, nilichopanda, na lugha yao nilivyoielewa, hayo tuyaache. Mwenyezi Mungu humfikisha mja anapotaka. Ninaandika niliyoyaona kwa macho yangu, na jambo moja nililolitenda kwa ulimi wangu, ambalo ningependa lisingekuwamo.

Nchi yenyewe inaitwa Mbeleni. Langoni nilimkuta karani mwenye daftari pana.

"Utakaa siku ngapi, bibi?"

"Siku nane, Mungu akipenda."

Kalamu ikasimama. "Mungu akipenda ni asilimia ngapi?"

"Baba, hiyo haina asilimia."

"Kila kitu kina asilimia. Hapa nina safu ya hakika, safu ya yamkini, na safu ya hatari ya kushuka. Nikuweke wapi?"

"Niweke anapopajua Yeye."

Akaniweka kwenye hatari ya kushuka, akanigongea mhuri, nikaingia.

Kwa macho ni nchi nzuri, sitaki kuidhulumu. Njia zimefagiliwa, miti imekatwa sawasawa, mbwa wana adabu kuliko vijana wetu. Lakini ukikaa ukatazama, unaanza kuona. Kila nyumba ina madirisha upande mmoja tu, ule unaoelekea mwisho wa barabara. Ndiyo Sheria ya Kutazama Mbele. Ubavuni hapana dirisha, kwa hiyo jirani hamwoni jirani. Nilimuuliza mama mmoja, je, wa nyumba ya pili akiugua? Akanijibu, bila ubaya, kwamba itaonekana kwenye takwimu.

Daraja lao kubwa lilikuwa limefungwa kwa nyufa. Pembeni kulikuwa na kibao kinachosema daraja litakuwa zuri sana miaka tisa ijayo, na watu walisimama wakikisoma kibao kama wanaovuka. Treni nazo huchelewa. Ila kwa sheria yao treni iliyokadiriwa kuchelewa saa mbili, ikachelewa saa mbili, imewahi. Nilisubiri kituoni na watu mia, tumekunja mikono kwa baridi, na ilipoingia wakaipigia makofi.

Watoto ni wachache. Shule niliyoonyeshwa ilikuwa haina mtoto hata mmoja. Madarasani walikaa wakadiriaji, kila mmoja na dawati. Maana katika nchi ile ziko Nyumba tano za Makadirio, na kazi yake ni kusema kila miezi mitatu kwamba miezi mitatu ijayo nchi itakua kwa kiasi gani. Nilihesabu mtaa mmoja nikaona wakadiriaji kumi na wanne na mwoka mikate mmoja.

Kwetu nako watu hukadiria. Mkulima hukadiria mvua. Mvua isiponyesha husema, nilikosea. Mbeleni hawasemi hivyo. Sheria ya kwanza kabisa, imechongwa kwenye jiwe la uwanja, inasema: MAKADIRIO HAYAKOSEI. WANAOKOSEA NI WATU. Kwa hiyo yakisemwa makubwa na yakatokea madogo, watu huitwa katika Ukumbi wa Mtazamo, mmoja mmoja, wakayaombe radhi Makadirio. Na kila aliyeomba radhi hutobolewa tundu jipya kwenye mkanda wake, kwa msumari wa serikali, ili aukaze zaidi. Wanaotoboa hawana mikanda. Suruali zao zimeshikiliwa na mikanda ya mabegani.

Nililazwa kwa mjane mwenzangu, maana sheria yao humpeleka mgeni kwa mtu wa hali yake. Jina lake Hedwiga. Mwanamke mrefu, uso mwekundu upande mmoja, kama mkate uliokaa karibu na moto upande huo. Nilimkuta ndani ya nyumba yake kavaa makoti mawili.

"Mbona huwashi moto, shoga?"

"Makadirio yalisema baridi mwaka huu itakuwa nyepesi," akanijibu. "Ukiwasha unayakanusha."

Alinionyesha kusini-mashariki nilipomwuliza kibla, akanitandikia shuka safi pasipo kuulizwa. Nilipomaliza kuswali nikamkuta naye kapiga magoti kwa namna ya dini yake, midomo ikitembea. Tangu hapo tukaitana shoga, na tukaelewana.

Hedwiga alikuwa mlinzi wa moto katika tanuri la kioo la mji ule. Asubuhi alinichukua nikalione. Sijapata kuona moto wa aina ile. Tanuri lenyewe kubwa kama msikiti wetu, na ndani yake si kuni wala makaa. Ni uji wa kioo, mweupe, mzito, unaochemka polepole kama uji wa mgonjwa, tani kwa tani. Watu mia tatu na arobaini walikuwa wakila kwa uji ule. Walitoa humo chupa za dawa, vichupa vya sindano, na vioo vya taa. Ukitazama kwa jicho tupu unapofuka. Yeye alikuwa na kipande cha kioo cha buluu, mraba, ukubwa wa kiganja, kimefungwa ngozi ukingoni na kuning'inia shingoni kwa uzi. Alinipa nikaweka jichoni. Ule mng'aro wote ukatulia, nikaona ndani: nikaona mapovu, nikaona tofali kwa tofali, nikaona hata ufa mdogo kama unywele.

"Ule ufa nautazama mwaka wa sita," akasema. "Kila siku. Nikiuona umepanuka nusu ukucha, najua moto umepungua upande wa kaskazini, nauongeza."

"Moto huu una umri gani?"

"Miaka thelathini na mmoja. Haujazimwa hata siku moja. Matofali yale ya juu, mume wangu alikuwa mmoja wa walioyapanga."

Nikamwambia kwamba na mimi nimeolewa na moto. Marehemu Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa mchoma chokaa. Alipanga magogo na mawe ya matumbawe, akawasha, na akishawasha hapana wa kumwambia aache. Tanuri la chokaa likizimwa katikati, mawe hubaki nusu mabichi nusu yaliyoiva, hayafai kujengea wala kupaka. Siku aliyofariki mama yake, Athumani alikuwa na tanuri linalowaka. Alikwenda kuzika, akarudi motoni na udongo wa kaburi mikononi.

"Basi wewe utanielewa," Hedwiga akasema, na ndipo aliponiambia.

Makadirio yalikuwa yamesema nchi itakua kwa asilimia moja nukta tatu. Ikakua kwa sifuri nukta mbili. Gesi iliyokuwa ikiwasha tanuri ilikuwa ikitoka kwa jirani waliyegombana naye, sasa imekuwa adimu, na Baraza la Mtazamo limeona tanuri lile linakula mno kwa nchi iliyokadiriwa kusinzia. Pendekezo lilikuwa hili: tanuri lipumzishwe miezi mitatu, kisha liwashwe tena majira ya machipuko, kwa kuwa Makadirio yanasema ukuaji utarudi machipuko.

"Lipumzishwe?" nikasema. "Ng'ombe hupumzishwa."

"Likizimwa, ule uji unaganda ndani kama jiwe. Ukiganda unanywea na kuvuta, matofali yanapasuka. Halina kuamka. Machipuko hakutakuwa na cha kuwasha, kutakuwa na mlima wa kioo ndani ya nyumba iliyobomoka."

"Wanajua?"

"Toka kwenye dirisha la Mkadiriaji Mkuu ungeliona dohani letu, kama dirisha lingekuwa upande huu."

Siku ya Radhi ilikuwa kesho kutwa, na Hedwiga alikuwa na shauri lake, kalipanga kwa akili. Sheria yao inasema shauri la mtu asiyeomba radhi haliamuliwi. Huahirishwa mpaka robo ya mwaka inayofuata. Yeye angekwenda ukumbini, angekaa, asingefungua kinywa. Watamwita mara tatu, watakasirika, wataahirisha. Tanuri litawaka miezi mitatu mingine, na katika miezi mitatu Mungu ana mengi.

"Na ukitaka kuwaeleza kama ulivyonieleza mimi?"

"Haruhusiwi mtu kusema mbele ya Makadirio kabla ya kuomba radhi."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoingia, na ninauandika kama ulivyokuwa. Nikamwambia, "Shoga, radhi haimpunguzii mtu kitu. Kwetu mtu huomba radhi hata kwa kosa asilolitenda, kwa ajili ya kupoza moyo wa mwenzake tu, na mwenzake akipoa husikiliza. Waombe, kisha waeleze. Utakaaje kimya na ushahidi unao? Dini yangu hainiruhusu kuficha ushahidi, na yako sidhani."

"Hujakaa hapa, Somoe."

"Sijakaa. Lakini watu ni watu. Wale nao wamezaliwa na mama. Mtu akielezwa habari ya moto na mwenye moto, ataelewa."

Akakiinua kile kioo cha buluu, akatazama tanuri lake muda mrefu.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Hapana aliyepata kuwaeleza."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nililala nimefurahi.

Ukumbi wa Mtazamo ni mkubwa na una baridi. Mbele kabisa pana kiti cha mto mwekundu, na kitini hakukai mtu. Kumewekwa karatasi moja ndani ya fremu ya dhahabu. Hayo ndiyo Makadirio. Kila aingiaye huinamisha kichwa. Askari aliponiambia niiname nikamwambia, "Mwanangu, shingo hii ina mwenyewe." Akaniandika mahali, akaniacha.

Mkadiriaji Mkuu, Mheshimiwa Ruprekti, aliketi kando ya kiti kile. Nilitegemea kumwona mtu wa vitisho. Alikuwa mzee mpole, mikono laini, sauti ya chini, mtu ambaye ungemwachia mjukuu wako akakushikia. Hilo lilinitia hofu kuliko vitisho.

Kwanza likawa jadiliano. Nyumba ya Pili ilisema nchi imekua kwa sifuri nukta mbili, Nyumba ya Tano ikasema sifuri nukta tatu, wakavutana toka saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Mzee mmoja wa Nyumba ya Tano alilia machozi. Nikakaa nikajaribu kuipima hiyo tofauti wanayoililia. Ukiwa na punje elfu moja za mchele, ni punje moja. Bi Asumini huwarushia kuku.

Kisha akainuka mjumbe mwenye miwani miwili, mmoja machoni mmoja kipajini, akasema wananchi wasiingiwe na hofu, kwani hata kama robo ijayo nchi itapungua, haitakuwa imepungua. Itakuwa imekua kwa ukuaji hasi.

"Yaani inakua kwa kwenda chini?" akauliza mtu wa nyuma.

"Inakua," akasema mjumbe. "Uelekeo ni suala la pili."

Makofi.

Ndipo watu wakaanza kuitwa. Mwoka mikate akasimama mbele ya ile karatasi, kofia mkononi. "Nilikadiriwa kuoka mikate mia nane, nikaoka mia sita. Watu hawakununua. Makadirio yalikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Naomba radhi." Msumari ukapita, tundu. Akaja mwanamke kijana: "Nilikadiriwa watoto wawili. Nina mmoja. Makadirio yalikuwa sahihi." Tundu. Kisha akaja babu anayetetemeka, kashika mkongojo, mkanda wake una matundu mengi hata umekuwa kama chujio. Akasema kwa sauti nyembamba, "Nilikadiriwa kufa miaka minne iliyopita. Bado nala pensheni. Naomba radhi."

Na Mheshimiwa Ruprekti akamwitikia kwa upole, "Usijali, mzee. Jitahidi."

Nikasema astaghfirullah kwa sauti, watu wakageuka. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, na sijapata kusikia binadamu akiomba msamaha kwa pumzi aliyopewa na Muumba, na binadamu mwingine akaupokea msamaha huo.

"Mlinzi wa moto wa tanuri la kioo!"

Hedwiga akapita mbele. Alivaa koti moja, lile zuri, na kioo chake cha buluu kifuani. Alisimama kimya. Karani akaita mara ya pili. Kimya. Nikaona Mheshimiwa Ruprekti anaangalia saa yake, na nikaona bega la Hedwiga limetulia, na hapo kama ningekuwa na akili ningeomba dua akae hivyohivyo. Lakini akageuka kidogo akanitazama, na mimi nikamtikisia kichwa: sema.

"Makadirio yalikuwa sahihi," akasema Hedwiga. "Tanuri langu ndilo lililokosea. Naomba radhi."

Karani akaandika. Nilisikia kalamu inavyokwaruza.

Kisha Hedwiga akasema. Sijui kuisimulia ile hotuba kama ilivyokuwa. Alisema habari za uji wa kioo na matofali, akaonyesha kwa mikono yake jinsi unavyoganda, jinsi unavyovuta. Alisema habari za ule ufa wa unywele na miaka sita ya kuutazama. Alisema, "Mnasema machipuko ukuaji utarudi. Urudi wapi, waheshimiwa? Urudi ukute nini? Nchi haioti toka kwenye karatasi. Huota kwa vitu hivi, na hiki mnakizima kwa sababu hakioti upesi." Alisema dawa za wagonjwa zitatiwa kwenye nini, viganja? Watu wakaanza kunyanyua nyuso. Babu wa mkongojo alikuwa analia. Nikajiambia moyoni, unaona, Somoe? Watu ni watu.

Alimaliza. Nikamtazama karani. Kalamu yake ilikuwa imelala juu ya daftari toka alipoandika yale maneno ya mwanzo.

Mheshimiwa Ruprekti akainuka.

"Tunamshukuru sana mlinzi wa moto kwa moyo wake wa uungwana. Amekiri kwamba Makadirio yalikuwa sahihi na tanuri ndilo lililokosea. Kwa kukiri huko shauri limefungwa, hapana haja ya kulichosha Baraza. Tanuri litapumzishwa leo saa tisa."

"Lakini nimewaeleza!" akasema Hedwiga.

"Umeeleza vizuri sana."

"Mmesikia nilichosema?"

"Tumesikia. Yaliyosemwa baada ya radhi ni maelezo, Bibi Hedwiga. Maelezo hayaandikwi."

Msumari wa serikali ukaletwa. Akautoa mkanda mwenyewe, wakautoboa, wakamrudishia.

Mimi nilikuwa nimekwisha simama. Sikuona nimesimama lini. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi ni mgeni na sina elimu. Nilimshauri mimi huyu aombe radhi, kwa sababu kwetu radhi ni mlango. Sikujua kwenu ni mtego."

"Bibi mgeni hajaomba radhi," karani akasema.

"Radhi naiomba kwa Mungu, na naiomba kwa huyu mwanamke. Karatasi siiombi! Sikilizeni. Kwetu kila mtoto ana kadi ya kliniki. Kila mwezi mama humpeleka, nesi humpima, hutia alama, huunganisha mstari. Mstari ukipanda, vema. Mstari ukishuka, nesi hamgombezi mtoto. Hamwambii mtoto apige magoti aiombe kadi radhi! Humwuliza mama: anakula nini? Anaharisha? Maji mnachota wapi? Humfunua mtoto nguo akamtazama mbavu. Nyinyi mna kadi nzuri kuliko kadi zote nilizoziona, ina dhahabu pembeni, inakalia mto. Mtoto yuko wapi? Nani kati yenu amemfunua akamtazama? Mstari umeshuka, na dawa mliyoiona ni kumnyang'anya chakula mpaka mstari upande!"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kweli tupu." Akakohoa, kama aliyesema ni kikohozi.

Mheshimiwa Ruprekti hakukasirika. Nilitamani akasirike. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

"Mama," akasema, "mfano wako mzuri, ila ni wa nchi changa, ambako mistari bado inapanda. Sisi tumepita huko zamani. Na sisi tuna kadi, kama ulivyoona. Mstari wetu unaposhuka, hatumsumbui mtoto. Tunachora mwingine." Akamgeukia karani. "Leta mpya."

Na wallahi waliileta. Fremu ileile ya dhahabu, karatasi nyingine. Ile ya zamani ikachomolewa ikakunjwa. Mpya ilisema sifuri nukta moja kwa robo ijayo, na kwa machipuko moja nukta nne. Ukumbi mzima ukainamisha kichwa. Baridi ilikuwa kali hata mvuke ulitoka vinywani wakisoma namba zile, na juu ya mlango paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba majira haya ya baridi ni mepesi.

Hedwiga alikuwa bado amesimama palepale mbele ya kiti. Mkanda hakuuvaa, aliushika mkononi kama kamba ya mnyama aliyekufa. Nilitaka kumwendea. Ningemwambia nini? Shauri lake lilikuwa zuri na mimi nikalivunja kwa adabu za kwetu. Kama angekaa kimya, moto ungewaka.

Mheshimiwa Ruprekti akamwinamia kidogo, kwa wema wake wote, akiwa anapanga karatasi zake.

"Usikate tamaa, Bibi Hedwiga. Tazama mbele. Machipuko utatuwashia tena, siyo?"

Hedwiga akaweka mkanda sakafuni. Akakivua kile kioo cha buluu, uzi ukapita juu ya nywele zake nyeupe, akakitazama kidogo kiganjani, kisha akakiweka juu ya meza, mbele ya mzee yule. Mheshimiwa akakiokota. Alikigeuza huku na huku, akakiweka jichoni, akaelekea dirishani, lile dirisha moja linalotazama mwisho wa barabara.

"Hiki ni cha kuonea nini?" akauliza. "Sioni kitu."

Watu wote wakamtazama Hedwiga. Alifunga vifungo vya koti lake mpaka cha shingoni, akapita katikati yetu, karibu na mimi kiasi cha bega kugusana, akausukuma mlango kwa mikono miwili, akatoka.